Namba Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Klaipėda,
baridi ya bandarini inauma hadi kwenye fizi,
na Ramutė keshafika.
Miwani, glavu za mpira hadi viwikoni,
ndoo ya magadi miguuni, asidi isije ikamwagika.

Anafunua betri ya Namba Saba kifuniko kimoja kimoja
kama mtu anayechungulia masufuria ya jirani.
"Hainyweshwi kabla ya chaji," asema.
"Ikishiba umeme ndipo uipe maji,
nayo usiyajaze pomoni. Iache ipumue."
Miaka tisa nalisikia hilo.
Miaka tisa naitikia huku natafuta kahawa.

Bomba la haidroli halipapasi,
hupitisha kipande cha katoni:
kuna mwenzake alipapasa,
sasa huhesabu hadi tisa.

Leo alipofika kwenye mnyororo alinyamaza.
Akapima pingili. Akapima tena.
Akavua miwani, akaifuta, akapima mara ya tatu.
Kisha akachomoa ufunguo, akautia mfukoni,
akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani.

Kęstutis akaja mbio na makaratasi:
lori la Riga linanguruma mlangoni,
tani kumi na mbili za samaki walioganda,
nani atalipa wakiyeyuka?
"Jana ilinyanyua! Juzi ilinyanyua!"
"Ndiyo," akasema Ramutė. "Ndivyo mnyororo unavyorefuka."

Tukapakia kwa mashine mbili badala ya tatu,
tukitukana chinichini, mimi zaidi ya wote,
mpaka nilipoinua macho kwenye rafu ya juu:
mita tano juu ya kofia yangu,
pale ninaposimama kila asubuhi
kusoma lebo, mdomo wazi kama kinda.

Alasiri mnyororo mpya ukafungwa, unang'aa mafuta.
Nikapanda kitini.
Nikapandisha meno, yakapanda.
Nikateremsha, yakashuka.
Hilo ndilo tukio lote.

Nilitaka kumshukuru, lakini kwa lipi?
Kwa simu ambayo mke wangu hakupigiwa?
Kwa kofia isiyo na ufa?
Ulimi ukaganda pamoja na samaki.
Basi nikabonyeza honi, mara mbili,
ndefu, kwa moyo wangu wote.

Hakuinua uso.
Alilamba ncha ya penseli, akaandika daftarini:
honi, sawa.