Daftari la Vipimo

Walikuja tisa, Jumanne ya mvua,
na redio moja kwapani kama kuku wa kuibwa.
"Madam Ulrica, tumeshapata jina: Briz Bizoton.
Kilichobaki ni suti."
Nikafungua daftari la miraba,
nikawapanga mstari kama watoto wa chanjo.

Clervil, mwimbaji: kifua thelathini na nne,
akibana pumzi, thelathini na sita.
Nikaandika thelathini na nne.
Dieuseul wa ngoma: mikono ipwaye, hupiga kuanzia kwapani.
Odilon wa saksafoni: kiuno cha nyigu, kamba badala ya mkanda.
Wilner wa gitaa: bega la kushoto limeshuka vidole viwili.
Alilibeba gitaa kwa miguu toka Bizoton
ili nauli iwe chakula cha mchana.
Nikaliwekea pamba bega lile.
Tulijua watatu tu: mimi, yeye, na sindano.

Tetroni ya buluu, dukani kwa Msiria.
Walilipa nusu.
"Nusu nyingine baada ya dansi."

Jumapili, saa nne asubuhi, ukumbi wa sinema.
Nilisimama nyuma, nikitazama mishono.
Ngoma ikaanza kutembea
kama mtu asiye na deni,
wawili wawili wakacheza juu ya kigae kimoja
wasikivuke.
Viwiko vilistahimili. Nikapumua.

Kisha sahani za santuri, kisha kanivali, kisha kapteni
mwenye miwani myeusi, na harusi ya binti yake.
Walipiga mpaka jogoo akachoka.
Mkono mtupu haulambwi, tulifunzwa,
lakini ule ulikuwa na bastola.
Waliulamba. Wakasema asante.

Mwaka uliofuata wakapanda ndege kwenda Nyu Yoki,
wiki tatu tu, walisema, ndani ya sufi niliyoikata
bila kuijua baridi.
Hakurudi hata mmoja.
Zikawa zinakuja kaseti badala ya barua:
"Kiuno thelathini na nane, fundi, na usicheke,
mkate wa huku ni laini."
Nilicheka. Nikarudisha kaseti nyuma, nikacheka tena.

Mwaka wa themanini na moja zikaja oda mbili.
Briz Bizoton ya Clervil: nyeupe.
Briz Bizoton ya Odilon: nyeupe.
Kila mmoja akaniuliza mwenzake kachagua rangi gani.
Nikawaambia ukweli, wote wawili,
na hakuna aliyebadilisha.

Kinanda cha umeme kilipofika
kikameza tarumbeta, kikameza akodioni,
kikamtema Odilon kwenye usukani wa teksi.
Oda ikawa nne. Ikawa mbili.
Vijana walivaa jaketi za ngozi
zisizomjua fundi wala fundi kuzijua.

Kaseti ya mwisho ya Wilner haikuwa na vipimo.
Gitaa tu, treni ikipita,
na sauti ya jirani: punguza, kuna watu wanalala.
Kisha dada yake akapiga simu toka Mayami.
Suti nyeusi. "Tumia vipimo vya zamani," akasema,
"amekonda, vitamtosha."
Niliweka pamba palepale.

Sitaeleza siku ile ardhi ilipotikisika.
Ukuta ulilala juu ya cherehani;
daftari nililiokota uani,
kurasa zimejaa chokaa kama andazi na sukari.

Wiki iliyopita akaja kijana,
jalada la santuri mkononi, kona zimeliwa na mende.
"Nataka kama hii. Buluu hii hii."
Nikavaa miwani. Nikampima.
Kifua, akabana pumzi; nikamsubiri aishiwe.
Bega la kushoto: vidole viwili.
Mama yake nani, sikuuliza.
Umri huu maswali yanakata uzi.

Akaweka noti mezani, akazihesabu polepole, kwa haya.
Zilikuwa nusu.
"Nyingine," akasema, "baada ya dansi."