Usiiache Juani

Saa nne asubuhi, upepo wa Julai
umekwisha kuninyang'anya bango mara mbili.
Hapa Sabasaba, Dodoma, fundi miwani
huanza kazi kwa kupangusa vumbi
na humaliza kazi kwa kupangusa vumbi.

Akaja mama kutoka Hombolo, Sechelela,
mikono imechubuka kwa kufunga mizabibu.
Akafungua leso, fundo ndani ya fundo:
miwani ya kiume, vioo vizima,
mkono mmoja umepinda kama mguu wa panzi.
"Ya marehemu. Mjukuu kaikalia.
Nataka niivae mimi, macho yetu yalikuwa namba moja."

Nikaipima kwa vidole. Si shaba, si chuma cha kawaida.
Nyepesi kama neno la pole.
Nikajua: nikeli na titani,
ule mchanganyiko wenye kumbukumbu.

Nikaanza kujigamba, ndiyo maradhi ya mafundi.
Waya unaofungia mizabibu yako, mama,
ukiukunja umekunjika, hauna kwao.
Huu una kwao.
Samaki mkunje angali mbichi, si ndiyo?
Huyu alikunjwa tanurini, nyuzijoto mia tano,
akashikiliwa hapo mpaka umbo likamwingia.
Baadaye, kwenye baridi, mfanye utakavyo,
mpinde, msokote, mkalie:
anakutii tu,
kama mgeni anayekula asichokipenda.
Mpe joto, anarudi kwao.

Nikamtajia na ndugu zake:
waya mdomoni mwa Nyemo, binti wa jirani,
uliotiwa umelegea kama uzi wa kufumia,
joto la ulimi likauamsha,
sasa unavuta meno usiku na mchana;
kijibomba cha wavu cha Mwalimu Chiwanga,
kilichopenyezwa mshipani kimejikunyata,
kikafunguka kwa uvuguvugu wa damu yake mwenyewe,
na leo anafoka darasani kama zamani;
na springi ya kitalu cha nyanya kule Ihumwa,
jua likikaza inajinyoosha, inafungua dirisha,
wala hakuna aliyelipwa kwa kufungua.

Mama alisikiliza kama anayengoja chenji.

Nikamimina maji ya chai kwenye bakuli.
Nikaitumbukiza.
Sekunde moja. Mbili.
Mkono wa fremu ukajinyoosha ndani ya maji
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
Vijana wa bodaboda wakapiga makofi.
Hata mimi, mara ya mia, nilicheka.

Sechelela hakucheka.
Akaifuta kwa kanga, akaiweka mezani,
akainama hadi jicho likawa sawa na ubao.
"Imenyooka."
"Kama mpya, mama."
"Yake ilikuwa imelalia kushoto."

Miaka tisa, akaniambia,
Malogo alisoma amelala ubavu,
sikio limezama kwenye mto,
na kila asubuhi fremu ilikuwa imejifunza kidogo
uzito wa kichwa chake.
Mjukuu aliipinda siku moja tu.
Mimi nikafuta vyote viwili.

Kumbe kitu hiki hakikumbuki mtu.
Kinakumbuka tanuri.
Kwao ni kiwandani,
na yote tuliyoishi nacho baada ya hapo
ni mikunjo inayongoja maji ya moto.

Nikashika koleo. "Nitairudisha. Kiasi gani?"
Lakini nani ataje sikio la mtu kwa milimita?
Akanipokonya, bila hasira.
Akafumba macho, vidole gumba vikatangulia,
kama anayelaza tawi la mzabibu asilivunje.
Akapinda kidogo. Akapapasa. Akapinda tena.
Akavaa.
Ikamkaa upande, ikamkaa vibaya,
naye akatikisa kichwa kama aliyepokea salamu.

Tulibishana juu ya bei.
Tukaafikiana mia tano, ya maji ya chai.
Nikachana ukurasa kwenye daftari la madeni,
nikaandika kwa herufi kubwa,
nikaufunga kwenye fundo la leso:
USIIACHE JUANI. USIIOSHE KWA MAJI YA MOTO.

Dodoma, na hili jua lake.