Nukta Peke Yake

Kwanza tulilaumu mvua.
Kisumu mvua ya jioni hulaumiwa kwa kila kitu:
stima, paa, kikohozi, na sasa barua
zinazotoka Ahero nzima na kufika nusu.

Kisha tukalaumu waya, kisha Wilkista wa mapokezi
aliyemwaga chai karibu na seva mwezi wa tatu.
Hakuna aliyekilaumu kichujio,
programu niliyoiandika mwenyewe
inase barua za matapeli kabla hazijaingia sandukuni.

Nikajitumia barua. Herufi mia: zikafika.
Elfu nne: zikafika. Laki:
nikahesabu hadi ya mwisho,
zote zipo, kama kuku wa jioni bandani.
Ila za Zablon Owiti, karani wa mpunga,
zilikatika. Zake tu, tena si mahali pamoja.

Saa nane usiku nikazipasua tumbo,
baiti kwa baiti, kama mtu anayechambua omena
kwa taa ya simu. Na hapo nikaiona.

.

Zablon hupumzika hivyo. Akimaliza jambo
huweka nukta chini, mstari wake yenyewe,
ndipo aanze lingine. Nani alimfunza, sijui.
Lakini mashine zikipokezana barua zina mila yao:
nukta iliyokaa peke yake mstarini
maana yake nimemaliza, funga mlango.
Dawa inajulikana tangu zamani: ukiikuta, iandike mara mbili,
wa upande wa pili ataondoa moja.
Mimi nilisahau.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, herufi moja.

"Pesa za mbegu sina," ilisema barua yake ya Julai.
Ikaishia hapo, kavu, bila hata salamu.
Chama kikamkata jina.
Chini ya nukta, kwenye nakala iliyobaki kwetu:
"Lakini nimeuza ndama. Nitazileta Jumatatu.
Msalimieni Pilista, mwambieni goti limepona."

Nimerekebisha. Dakika mbili, pamoja na kupiga miayo.
Nimejaribu nukta moja, nukta tatu,
nukta iliyofuatwa na nafasi tupu; zote zinapita.
Sasa kumepambazuka, wauza mitumba wanaelekea Kibuye,
nami nimekaa na nusu kumi na saba za barua
nisizojua nizitume vipi,
maana Jumatatu ile ilishapita.