Kipenga Hakikulia

Masikio ya Rajmal yameumuka kama maandazi yaliyoharibika:
miaka kumi na minane ya kusuguana vichwa
na wanaume wa Jhajjar.
Kwetu, mpiga mieleka hatazamwi uso.
Hutazamwa masikio, kisha huamkiwa.

Mimi ni Bhateri, maana yake "basi, yatosha".
Nilikuwa binti wa nne,
na wazazi walikuwa na neno lao na Mungu.
Mungu akasikia, akaja Rajmal.
Mimi ndiye niliyeupindua udongo wa uwanja alfajiri,
nikautia manjano, mtindi, mafuta ya haradali,
mpaka ukalainika kama unga wa chapati,
naye akaingia, kapiga winda,
akagusa udongo, akagusa paji la uso.

Sheria ilikuwa moja:
mgongo ukigusa ardhi, ugomvi umekwisha.
Unamwinua mwenzio. Unampangusa.

Kisha goti likafyatuka,
medali tatu zikaning'inia juu ya pipa la ngano,
na shirika la reli likampa kazi ya kutoboa tiketi.
Ndipo akaja mtu wa viatu vyeupe kutoka Mumbai,
akaruka kinyesi cha nyati uani petu
kama anayecheza rede.
"Mieleka unayo," alisema. "Ngumi utajifunza.
Vijana wa Dagestani walianza hivi hivi."
Akataja pesa. Baba akaomba azitaje tena.

Mama alikuwa jikoni, anapuliza moto.
"Huko kizimbani," aliuliza bila kugeuka,
"mtu akishaanguka, bado wanampiga?"

Mtu yule akacheka kwa adabu.
"Mama, akianguka ndipo mchezo unapoanza."

Hakuna aliyecheka naye.

Miezi saba Rajmal alijifunza kupigwa.
Aliniambia kwa simu: ngumi haiumi,
kinachouma ni kukaa mbali na mtu,
kumzungukazunguka kama mdai
ilhali mikono yako inataka kumshika.
Akaanza kula mayai. Tulimficha Mama.

Usiku wa pambano tuliegemeza simu kwenye ndoo ya maziwa,
watu kumi na tisa, kioo kimoja chenye ufa.
Abu Dhabi iling'aa kama duka la sonara.
Mpinzani alikuwa Edivaldo, Mbrazili,
mwembamba, kama mtu aliyesahau chakula cha mchana.

Sekunde ya arobaini Rajmal akazama,
akamkumbatia mapaja, akamnyanyua,
akamlaza chali, taratibu,
kama anayelaza mtoto aliyesinzia.
Uani tukalipuka. Mjomba akarusha kilemba.

Mimi peke yangu sikupiga kelele.
Nilikiona kile kituo.
Nakijua, nimekiona mara elfu:
shingo inalegea, uso unainuka kidogo,
sikio lile lililovimba linasubiri kipenga.

Kipenga hakikulia.

Jasiri haachi asili, na asili ikamponza.
Kutoka chini miguu ya Edivaldo ikapanda
kama mtango kwenye ua,
ukafumba mguu juu ya mguu, shingo ya kaka yangu katikati.
Alipiga mkeka mara tatu kwa kiganja,
polepole, kwa heshima,
kama alivyozoea kuligonga paja la mwalimu.

Alirudi Jumanne. Nusu ya pesa ilikwenda kwa nyati,
nusu kwa goti.
Baba alimwambia reli bado wanamtaka. Hakujibu.

Alfajiri ya Jumatano nilimkuta uwanjani kanitangulia,
amelala chali katikati ya udongo,
yeye, ambaye tangu utotoni hakuna aliyeuona mgongo wake mchafu.
"Nikalie kifuani," alisema. "Nikandamize.
Nikisema basi, usiniinue."

Nilimkandamiza kilo zangu zote hamsini na saba.
Alihangaika chini yangu kama mdudu aliyepinduka,
akitafuta mahali pa kuweka miguu,
akakosa, akatafuta tena.

Jua lilipotoka aliinuka mwenyewe.
Mgongo mzima ulikuwa wa manjano.
Mkono wangu ulitaka kumpangusa,
nikaurudisha.