Nafasi ya Kupishana

Badi amerudi na mazoea.
Kibokoni, pale kuta zinapopumuliana usoni,
tuktuk imetutokea ana kwa ana.
Yeye akarudi nyuma mpaka mlangoni kwa fundi cherehani,
akaipisha, kisha, mkono ungali kwenye usukani,
akanyanyua kidole kimoja.
Dereva akamkodolea: "Mzee, kwani twajuana?"

Hawajuani. Ni ya Uskochi hayo,
mwezi wa Aprili, barabara nyembamba kama mshipi
na kila baada ya kitambo, kifuko cha lami ubavuni
cha kumngojea mwenzio.
Apita, anyanyua kidole. Nawe wanyanyua.
Basi. Hata jina hamuulizani.

Theluji ilikuwa ingali milimani
kama unga uliosahauliwa kwenye ungo.
Wanakondoo wa juzi, magoti hayajasikizana.
Mimi na sweta mbili, buibui juu yake,
ramani nimeishika kichwa chini,
na mahamri ya mpwa wetu yamekuwa mawe.

Kwenye njia panda tuligombana, kushoto, kulia,
mara akamtaja kaka yangu,
nami nikautaja ule mkopo.
Maili arubaini hakuna aliyekohoa.

Radhi hakuomba. Aliliingiza gari kwenye kifuko,
akazima injini. Mvua nyembamba.
Mbele hakuna anayekuja, wala nyuma.
"Wamngoja nani?"
"Wewe," akasema. "Pita."

Nikakitazama kioo muda mrefu.
Kisha nikanyanyua kidole.