Mkeka Mmoja

Alhamisi, saa mbili na robo usiku,
Mabatini nzima ilikuwa na baba mmoja tu mpole,
naye aliishi ndani ya runinga ya Mama Nyanjige,
inchi kumi na nne, chogo kama nundu ya fahali,
betri ya gari chini ya meza ikitokota kimyakimya.
Kiingilio: kipande cha sabuni, au ndoo ya maji toka bombani.
Viatu mlangoni. Anayekohoa, nje.

Mchezo wenyewe uliitwa Mkeka Mmoja.
Mzee Kashindye hakuwahi kufoka.
Ngolo aliuza baiskeli ya shule akanunua redio:
“Mwanangu, kaa mkekani tuzungumze.”
Devota alirudi saa nne usiku ananukia marashi ya mtu:
“Mwanangu, kaa mkekani tuzungumze.”
Hata mwizi wa kuku, kuku bado yuko kwapani,
alikalishwa, akazungumzishwa, akalia,
na kabla ya tangazo la mafuta ya kupikia ameshaokoka.
Kuku ni yuleyule kila wiki. Tulimjua kwa kuchechemea.
Alipotoweka mwezi wa kumi na mbili hatukuuliza:
waigizaji nao wana Krismasi.

Tuseme kweli, vikombe vyao havikuwa na chai.
Waliipuliza, waliisifu, “tamu kweli, mama,” wakameza hewa.
Mlango ukibamizwa, ukuta mzima ulipepea kama khanga kambani.
Na dirishani ulisimama mlima wenye theluji,
ilhali watoto wa Isamilo waliapa nyumba ile ni ya jirani yao,
na dirisha lile linatazama jiwe, mbuzi,
na choo cha kina Magesa.

Sisi tuliamini.
Mimi niliamini hadi siku niliyovunja chupa ya chai,
ile ya maua mekundu, zawadi ya harusi, haijawahi kutumika;
nikatandika mkeka mwenyewe, nikakunja miguu,
nikamngoja baba arudi toka kiwanda cha minofu
na mabuti yake yanayonuka sangara.
“Baba, nimekosa. Tuzungumze.”
Alizungumza.
Kwa mkanda.
Siku mbili nililala kifudifudi juu ya mkeka uleule.

Juzi, mwaloni Kirumba,
nimemwona Mzee Kashindye mwenyewe, kazeeka, kofia ya pama,
anagombania debe la dagaa
kwa matusi ambayo hata wavuvi waliacha kazi wayasikilize vizuri.
Nikasema shikamoo.
Akanitazama. Akaishusha sauti mpaka ikawa ile,
ile ya mkekani:
“Marahaba, mwanangu. Hivi hawa si wezi?”
Nikambebea debe hadi barabarani, mtu mzima na tai yangu,
magamba begani, moyo unacheka kijinga.

Usiku nikamkumbuka wa kwangu.
Baba hakutazama Mkeka Mmoja. Alisema ni upuuzi wa watu walioshiba.
Ila antena ilifungwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba,
jiwe la kupandwa na mbuzi na wendawazimu,
na upepo wa ziwa ulipoigeuza
ni yeye aliyepanda, peku, tochi kwapani,
mvua inyeshe, wadudu wa ziwani wajae kama moshi,
akaushika mlingoti akaita:
“Imekaa?”
Nasi, picha imetulia, Mama Kashindye anapuliza chai yake ya hewa,
tukaitikia wote:
“Baadooo!”
“Sasa?”
“Bado kidogo, baba!”
Tukaziba midomo tusicheke.

Mwezi uliopita nimelipanda jiwe lile, na kitambi changu,
nikasimama pale alipokuwa akisimama.
Dirisha la Mama Nyanjige linaonekana lote,
na kona ya runinga ingekuwa katikati kabisa.