Benchi la Kumi na Tatu

Jumatatu waliniita, mimi na chukudu yangu,
nihamishe nusu ya kanisa
kutoka Mapendo mpaka Ndosho,
franka elfu kumi na tano, safari mbili.
Nusu ya kanisa ina uzito gani?
Mabenchi sita, ngoma moja, saa ya ukutani isiyotembea,
na vikombe vya Meza ya Bwana, ishirini na kimoja,
ndani ya kitenge cha Mama Kanyere.
Hakuna aliyemwomba kitenge. Alikivua begani tu.

Neno lilianzia kwake.
Alibatizwa Lubero, msichana bado,
mtoni, baridi hadi kifuani,
na mchungaji ambaye leo halmashauri yasema
hakuwa wa ushirika wetu.
"Basi maji yale hayahesabiki," alisema Shemasi Tsongo.
"Ashuke ziwani upya, ndipo anywe."
Pasta Musubao akajibu: "Mtu hazikwi mara mbili."
Waraka ukajibu waraka.
Wote walishika mstari uleule,
kila mmoja kwa ncha yake,
wakavuta.

Mimi si msomi wa Neno. Najua miteremko.
Najua jiwe jeusi linavyokula gurudumu.
Na najua, maana baba yangu alilijenga,
kwamba chini ya kanisa hili lipo jingine:
lava ililimeza na mabati yake,
na mabenchi, na dumu la mafuta ya taa.
Lile la chini halijagawanywa.

Mabenchi yalikuwa kumi na matatu.
Sita huku, sita kule.
La mwisho, Tsongo akaleta msumeno,
akapima kwa kamba, akatia alama ya makaa.
Mama Kanyere akaja akalikalia,
juu ya alama kabisa,
akatoa karanga mkobani, akaanza kumenya.
Hakusema kitu.
Tsongo alimwita "mama" mara tatu,
mara ya tatu kwa sauti ya mtoto.

Nikaondoka na mzigo wangu wa mwisho.
Karibu na Katindo, kwenye mteremko,
vikombe vikaanza kugongana nyuma yangu,
kelele ndogo, kama meno ya mtu mwenye homa.
Nikakanyaga mpira, nikasimama katikati ya vumbi na pikipiki,
nikafungua kitenge, nikahesabu.
Ishirini na kimoja. Vizima.
Kisha nikahesabu tena,
na sijui mpaka leo
nilikuwa namhesabia nani.